Kupima CO2 Ndani ya Amini: Tuamini Geji au Sampuli?

Mitambo ya kusafisha gesi asilia huosha CO2 na H2S (salfidi ya haidrojeni) kwa myeyusho wa amini, kemikali yenye nitrojeni inayozishika gesi hizo: kwenye nyuzi 40 hivi za Selsiasi amini hunyonya, kwenye 120 huachia. Anayesanifu minara anataka kujua, kwa shinikizo fulani la CO2, moli ngapi za gesi zimeshikwa na kila moli ya amini. Kuna njia mbili kuu za kupima, na kila moja hudanganya kwa namna yake.

Njia ya geji ni nyepesi. Unavuta hewa yote kutoka kwenye chombo cha chuma cha pua, unaingiza amini isiyo na gesi, unafungulia CO2 kutoka tangi la ujazo unaojulikana, kisha unakoroga mpaka shinikizo litulie. Gesi iliyotoka tangini, ukiondoa iliyobaki juu ya kimiminika, ndiyo iliyonyonywa. Chombo kilekile hutoa pointi moja baada ya nyingine, bila kemikali za ziada.

Shida iko kwenye hesabu ya kutoa. MEA (monoethanolamini, mojawapo ya amini hizo) ya asilimia 30 ikishika moli 0.3 kwa moli moja, kwenye nyuzi 40, shinikizo la CO2 halifiki hata kilopaskali 1, ilhali mvuke wa maji peke yake unakaribia 7. Kosea joto kwa nusu nyuzi tu, mvuke unabadilika kwa kama 0.2. Geji ya kilopaskali 1,000 yenye kosa la asilimia 0.1 ya upeo wake imeshakosea kilopaskali 1 nzima! Kwenye shinikizo kubwa kosa huhamia kwingine: kwa kilopaskali 3,000 kwenye nyuzi hizohizo 40, CO2 huwa imejibana kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko gesi bora ya nadharia, hivyo anayetumia kanuni ya gesi hiyo, PV = nRT, hupotosha hesabu yote.

Njia ya sampuli haitegemei hesabu hiyo ya kutoa. Gesi hupimwa kwa kromatografia au infraredi, na kimiminika huchotwa na kuingizwa chini ya uso wa sodiamu haidroksaidi baridi ili CO2 isiponyoke. Unaongeza bariamu kloraidi, unachuja mashapo, unayayeyusha kwa asidi iliyopimwa, kisha unatitresha asidi iliyobaki, yaani unaipima kwa kuongeza besi kidogo kidogo. Hapa mkono ndio hatari. Usipopasha moto, kabameti (CO2 iliyofungamana na amini) haivunjiki yote na jibu linashuka. Haidroksaidi iliyokaa wazi imekwisha kunyonya CO2 ya hewani, jibu linapanda. Pima tupu, yaani haidroksaidi isiyo na sampuli, kila siku. Na kama gesi inapita mfululizo bila kushibishwa mvuke kwanza, maji hukauka na amini inakolea bila wewe kujua.

Kwa amini iliyokwisha kuchemshwa, ambako ndiko usafi wa gesi ya mwisho huamuliwa, sioni hoja ya kutegemea geji. Kwa shinikizo la makumi hadi mamia ya kilopaskali naichagua geji, maana kuchota sampuli yenye gesi nyingi ni kuialika itoroke. H2S na CO2 zikiwa pamoja hakuna ubishi: geji haijui ipi ni ipi, lazima uchambue.

Vyovyote vile, anza na MEA ya asilimia 30 na ulinganishe na vipimo vya Jou, Mather na Otto vya 1995. Pointi zako zikiachana navyo upande wa shinikizo la chini tu, kagua joto na utupu kabla ya kugusa amini mpya.