Chama cha Wenye Nyumba Kinapoweza Kuipiga Nyumba Yako Mnada

Mwaka 2009, katika mji wa Frisco, jimbo la Texas, nyumba ya mwanajeshi wa Marekani iliuzwa mnadani naye akiwa Iraki. Ilikuwa na thamani ya dola 300,000 hivi, na haikuwa na mkopo hata senti. Kilichoiponza ni ada za chama cha wenye nyumba wa mtaa ule, kama dola 800. Barua za madai zilikuwa zikifika, lakini hazikufunguliwa. Mnunuzi aliipata kwa dola 3,500. Ilibidi kesi ifunguliwe na pande zipatane ndipo familia ikarudishiwa nyumba yake mwaka 2010.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kila vyama hivi, ambavyo ndugu zetu walioko Marekani huviita HOA tu (kifupi cha homeowners association), vinapotajwa, mazungumzo huishia kwenye kanuni zao za rangi ya mlango na urefu wa nyasi. Hayo yanakera, sibishi. Lakini rangi hupakwa upya. Nyumba ikishauzwa, ni habari nyingine kabisa.

Mambo huanza kabla hata ya nyumba ya kwanza kusimama. Mjenzi akishagawa viwanja, husajili masharti ya kuishi pale, likiwemo la kuwa mwanachama, katika ofisi ya kaunti, na masharti hayo huifuata ardhi kwa kila atakayeinunua. Ukipokea hati, umekuwa mwanachama; huwezi kujitoa ukabaki na nyumba. Kwa Mkenya linaweza kusikika geni, maana Ibara ya 36 ya Katiba ya 2010 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama chochote, ingawa sheria ya mwaka 2020 humwingiza mwenye fleti moja kwa moja katika shirika la jengo lake.

Wanaovitetea vyama husema: uliyasoma masharti, ukanunua. Jirani yako naye alinunua akitegemea kwamba utayafuata. Mahakama ya Juu ya California ilikubaliana nao mwaka 1994, katika kesi ya mama aliyefuga paka watatu ndani ya fleti yake: sharti lililosajiliwa huhesabiwa kuwa la haki mpaka mpingaji athibitishe vinginevyo. Paka walikuwa hawatoki nje, na bado mama alishindwa. Baadaye wabunge wa jimbo walitunga sheria inayomruhusu kila mwenye nyumba kufuga angalau mnyama mmoja.

Hoja ya "ulitia saini" ina uzito, ila haiwezi kuwa neno la mwisho. Masharti ya aina hiyohiyo ndiyo yaliyotumika kuwazuia Wamarekani weusi kununua nyumba katika mitaa ya wazungu, hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua mwaka 1948, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, kwamba mahakama haziwezi kuyatekeleza. Tangu hapo mipaka imeongezwa kidogo kidogo. Chama hakiwezi kukukataza kabisa kuweka dishi la setilaiti, wala kupeperusha bendera ya taifa; na Florida, tangu 2023, hakipaswi kuhangaika na kilichopo nyuma ya nyumba yako kisichoonekana kutoka barabarani wala kwa majirani.

Hata hivyo, anayetaka vyama vinyang'anywe meno yote aukumbuke mji wa Surfside, pale pale Florida. Mwaka 2018 mhandisi aliripoti uharibifu mkubwa katika zege la jengo la ghorofa 12. Wakazi walivutana juu ya gharama, na mwaka uliofuata wajumbe wengi wa bodi ya chama chao wakajiuzulu. Mchango wa dola milioni 15 ulipitishwa Aprili 2021, kila fleti ikidaiwa kuanzia dola 80,000 hivi. Malipo yalikuwa yaanze Julai 1. Sehemu kubwa ya jengo iliporomoka usiku wa kuamkia Juni 24, na watu 98 wakafa. Nikisoma habari ile, naona bodi iliyokuwa na madaraka machache mno ya kuwalazimisha wenye fleti, au iliyoogopa kuyatumia. Nguzo ya jirani inabeba kitanda chako, na hapo hakuna cha "nyumba yangu, hiari yangu".

Kwa hiyo swali ni chama kikusanyeje pesa, maana majirani wasiolipa hubebwa na wanaolipa. Njia kuu ya Marekani ni deni kuing'ang'ania nyumba yenyewe. Deni hilo hukua: ada, riba, kisha gharama za wakili, ambazo mara nyingi huipita ada iliyoanzisha mambo. Mahali pengine hata faini za kuvunja kanuni hujumlishwa, na hapo ndipo ninapokataa kabisa. Faini huamuliwa na majirani wachache ambao ndio waliotunga kanuni na ndio walioikagua nyumba. Watu wa namna hiyo hawawezi kukabidhiwa hati ya mtu. Colorado ilipiga marufuku mwaka 2022 kuuza nyumba kwa sababu ya faini peke yake, na Texas imekuwa ikidai amri ya mahakama kabla ya mnada wa madeni ya ada tangu 2012.

Lakini amri ya mahakama haimsaidii sana asiyefungua barua. Naona California imekaribia zaidi: chama hakiwezi kuipeleka nyumba mnadani mpaka ada zenyewe, bila riba wala wakili, zifike dola 1,800 au zicheleweshwe zaidi ya miezi 12, na nyumba ikiuzwa bila kupitia mahakamani mwenyewe ana siku 90 za kuikomboa. Miezi hiyo 12 ningeiondoa, kwa sababu inarudisha deni dogo mlango wa nyuma. Kikibaki kiwango cha pesa pekee, dola 800 za Frisco zisingefika mnadani, na dola 80,000 za Surfside zingedaiwa kama kawaida.