Dorohedoro: kicheko cha watu wanaoishi chini ya moshi wa wengine

Nimetazama anime nyingi, yaani katuni za Kijapani, zinazotaka kutisha na kuchekesha kwa pamoja, na nyingi hufanya kazi hiyo kwa zamu: damu kwanza, kisha mzaha wa kupumzisha roho, kisha damu tena. Dorohedoro haina zamu. Mtu anapasuliwa tumbo, na mwenzake anauliza leo tunakula nini, katika pumzi ileile, na huoni mahali mtunzi alipounganisha. Kwangu mimi hakuna anime ya mapigano na vichekesho iliyoweza jambo hili vizuri kuliko hii. Nataka kueleza sababu zangu kwa urefu, maana hapa Lubumbashi, kusini mwa Congo, nimebishana juu yake mara nyingi na watu ninaowaheshimu, na wengi wao husema kwamba inawacheka wafu.

Kwa asiyeijua, ilianza kama manga, yaani hadithi ya picha za vitabuni, ya Q Hayashida, mwanamke aliyeanza kuichora mwaka 2000 na kuimaliza 2018, vitabu 23. Studio ya MAPPA ikaifanya anime ya vipindi 12, iliyoonyeshwa Japani kuanzia Januari hadi Machi 2020 chini ya mwongozaji Yuichiro Hayashi, na mwaka huohuo Netflix ikaipeleka nje.

Mhusika mkuu ni Caiman, jitu la miraba minne lenye kichwa cha mjusi. Mchawi fulani alimgeuza hivyo, kumbukumbu zake zikafutika, na sasa ndani ya kinywa chake anakaa mtu mwingine. Kila Caiman akimkamata mchawi humtia kichwa mdomoni. Yule mtu wa ndani anamtazama mchawi na kumwambia neno. Caiman anamtema na kumuuliza: amekuambia nini? Jibu ni kwamba siye, na mchawi huyo haoni kesho. Anayemsaidia ni Nikaido, mwanamke mwenye mgahawa mdogo wa gyoza, vile vifuko vya unga vinavyojazwa nyama na kukaangwa. Nikaido anapigana kwa mikono na miguu kuliko wanaume wengi wa mtaani kwao. Caiman anakula kwake karibu kila siku, na mara nyingi halipi.

Mji wanaoishi unaitwa Hole. Wachawi wana dunia yao nyingine, safi na yenye majumba, lakini wakitaka kufanya mazoezi hawafanyii kwao. Wanafungua mlango, wanaingia Hole, wanamgeuza mpita njia kuwa mdudu au kumwacha na mikono mahali pa miguu, kisha wanarudi nyumbani kula. Uchawi wenyewe ni moshi mweusi unaotoka mwilini mwao. Moshi huo hauishi. Unatanda juu ya mji, unarudi chini na mvua, na mvua hiyo ni chafu kiasi kwamba inawaumiza wachawi wenyewe wakinyeshewa. Hospitali ya Hole ina wodi nzima ya watu walioharibiwa na uchawi, na daktari wake anafanya kazi yake kama vile angekuwa anatibu malaria.

Sisemi Hayashida alitufikiria sisi alipochora mji huu. Lakini mtu wa Lubumbashi hawezi kuutazama na asiwaze nyumbani. Tuna bomba la moshi linaloonekana toka mbali na mlima mweusi wa mabaki ya shaba ulio karibu nalo. Kiwanda kiliyeyusha shaba ya kwanza mwaka 1911, na kwa kuwa upepo hapa huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, moshi ulilala upande wa kaskazini-magharibi miaka nenda miaka rudi. Huko msitu wa miombo ulikufa. Udongo ulishika shaba na madini mengine mpaka leo, na pako sehemu ambazo ni majani ya aina chache tu yanayokubali kuota. Shaba yenyewe ilipanda treni ikaenda zake. Kwa hiyo ninapoona mvua ya Hole ikinyesha juu ya watu wasiokuwa na moshi wao wenyewe, sihitaji kuelezwa ni nini ninachotazama.

Ndiyo maana kicheko cha Dorohedoro hakinikeri. Kingeandikwa na mtu anayeishi ng'ambo ya mlango, kingekuwa matusi. Hayashida anakiweka ndani ya Hole, mezani kwa Nikaido, katikati ya watu ambao kesho mlango utafunguka tena mbele yao na ambao leo wana njaa. Wakazi wa Hole hawana siku ya kuomboleza ambayo haina pia kazi ya kufanya. Mara moja kwa mwaka maiti zao zinafufuka usiku, na mji unatoka na silaha kuziangusha kwa mashindano ya zawadi. Rafiki yangu mmoja, mtu wa kanisa kweli, alizima hapo. Mimi naona watu walioletewa balaa na wengine, wakalipangia tarehe, wakaligeuza kitu wanachoweza kukikabili pamoja.

Na mji huu wa kwetu una desturi ya kicheko cha namna hiyo. Kundi la maigizo la Mufwankolo liliwachekesha wazazi wetu kwa Kiswahili cha hapahapa, juu ya pesa, ndoa, wakubwa na taabu za kila siku, na hakuna aliyesema kwamba linawadharau maskini. Waliocheka walikuwa ni haohao waliokuwa wakichezwa jukwaani.

Sasa nifike kwa Shin, maana ndiye sababu kubwa ya mimi kuandika.

Shin ni muuaji wa kukodiwa wa En, mkubwa wa familia ya wachawi yenye nguvu kuliko zote. Anavaa kinyago chenye umbo la moyo wa mtu, akakigeuza nyuma mbele, na silaha yake ni nyundo. Mwenzake ni Noi, mwanamke mrefu kuliko milango, ambaye moshi wake unaponya. Tunapoonyeshwa wawili hawa mara ya kwanza, wamekuja kuua, na tunawachukia. Halafu, bila kuomba radhi, hadithi inarudi nyuma kwenye utoto wa Shin, na tunagundua kwamba yeye alizaliwa Hole. Ana damu ya pande zote mbili. Alikuwa kijana wa kawaida anayefanya kazi, anaishi na baba yake, na ndani ya mishipa yake umejificha moshi ambao hajawahi kuutumia. Katika mtaa huo kulikuwa na chama cha majirani kilichojipa kazi ya kuwasaka wachawi. Wakaja. Baba akauawa. Kijana akakimbia, akajikata mikono yake mwenyewe kutafuta moshi ulikojificha, na alipoupata akarudi na nyundo, akawamaliza wote.

Nimekitazama kipindi hicho zaidi ya vingine vyote. Hayashida angeweza kutuachia wanyonge wema na wachawi wabaya, na baada ya kuona vile Hole inavyoteswa tungekubali mara moja. Badala yake anaonyesha kwamba watu walioumizwa wanaweza kukusanyika, wakachagua nyumba moja, wakaua mtu ambaye hakuwafanyia lolote. Hawakumpata mchawi mwenye nguvu wakamshinda. Walimpata aliye karibu.

Katika mji wetu jambo hili halihitaji katuni. Kati ya watoto wanaolala sokoni na mbele ya maduka, wako waliofukuzwa nyumbani kwa sababu mtu wa ukoo au mtu wa maombi alisema ni walozi. Mama amekufa, biashara imeanguka, mtoto anakojoa kitandani, basi ni yeye. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu kumtuhumu mtoto ulozi, lakini familia nyingi hazijawahi kuisikia, na waliosikia mara nyingi hawaogopi. Kwa hiyo yule rafiki anaponiambia, "Yaya, acha hiyo manga, imejaa mashetani," namjibu kwamba ni kweli, mashetani wamo, wengi na wana pembe, na hakuna mmoja kati yao anayefanya jambo la kutisha kuliko lile walilolifanya majirani wa Shin mlangoni mwa baba yake. Hilo lilifanywa na watu wenye majina, wanaojuana, wanaoamini wanausafisha mtaa.

Ajabu ni kwamba hata kipindi hicho kinachekesha. Sehemu ya urafiki wa Shin na Noi, jinsi Noi anavyomheshimu Shin kama mkubwa wake kazini huku akiwa na uwezo wa kumbeba begani, inakuja karibu kabisa na yale mauaji, na hakuna kinachopunguza kingine. Mapenzi ya hawa wawili, ambayo wao wenyewe hawayasemi, ndiyo kitu kitamu kuliko vyote katika anime nzima. Naona wamewazidi hata Caiman na Nikaido, na najua wapenzi wengi wa anime hii hawatanisamehe kwa hilo.

Kuna mahali sicheki. Ebisu ni mchawi mdogo wa kike. Mwanzoni kabisa Caiman anamng'ata kichwa, anavutwa nje akiwa hai, uso umechunika, na toka hapo akili yake haikai sawa. Anazungumza ovyo, anaanguka, anajigonga, na mara nyingi tunatakiwa kucheka kwa sababu tu hajui analofanya. Hapa Hayashida anapoteza kile kilichomfanya awe tofauti. Kicheko kingine chote cha Dorohedoro kinatoka kwa mtu anayejua hali yake na kuishi nayo. Hiki kinatoka kwa mtu aliyenyang'anywa hata kujua. Namshukuru Fujita, yule mchawi dhaifu asiyefanikiwa lolote, kwa kuwa anamshika mkono na kumwangalia. Bila yeye ningeziruka sehemu za Ebisu.

Picha zimegawa watu, na nitasema upesi ninavyoona. Wahusika wengi wametengenezwa kwa kompyuta, na kuna nyakati wanatembea kwa ugumu, hasa wanapokuwa wengi mahali pamoja. Kichwa cha Caiman na vinyago vya wachawi havidhuriki na jambo hilo, kwa kuwa kinyago hakitakiwi kulainika. Lakini mandhari! Shinji Kimura ndiye aliyeusanifu ulimwengu huu, na kila ukuta wa Hole una kutu, maji yaliyotiririka, nyaya zilizoning'inia, bomba lililofungwa kwa kitambaa. Mtu aliyewahi kupita Katuba au Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, baada ya mvua kubwa ataona kwamba aliyechora anajua ukuta wa maskini unavyozeeka. Muziki wa (K)NoW_NAME nao una fujo inayostahili, na walitunga nyimbo kadhaa za kufungia vipindi badala ya kurudia mmoja mpaka uchoshe. Tazameni kwa sauti za Kijapani na maandishi ya Kifaransa. Wataru Takagi anamfanya Caiman awe na sauti ya mtu aliyeshiba na anayetaka kuongezewa, na bila sauti hiyo nusu ya uchangamfu wake inapotea.

Na En? Moshi wake unageuza chochote kuwa uyoga: watu, nyumba, nyama mezani. Kwa watazamaji wa kwingine huo ni uchawi wa kipuuzi, na nadhani ndivyo ulivyokusudiwa. Mimi nimekulia Katanga, ambako mvua zikianza akina mama wanapanga uyoga kandokando ya barabara, mwingine una kofia pana kuliko sinia, na nyumba nzima inanukia. Nikimwona En akijivunia uyoga wake kwa moyo wote, akiwalisha wageni, akichukia mtu anayeukataa, nampenda hata pale anapotisha. Ni mkatili, na anawatunza watu wake kwa dhati. Aliwahi kuwa mtumwa wa kazi akiwa mtoto, na familia aliyoijenga ni ya watu aliowaokota. Kumbe hata kileleni mwa dunia ya wachawi kuna mtu aliyeanzia chini.

Kosa kubwa la anime ni mahali inapokatika. Kipindi cha 12 kinamwacha mtazamaji katikati ya safari: siri ya Nikaido imefunguka, yeye na Caiman wametenganishwa, na yule mtu wa ndani ya kinywa bado hajulikani ni nani. Aliyesoma vitabu anajua kwamba vipindi vile 12 vimegusa sehemu ndogo tu ya vitabu 23. Muendelezo ulitangazwa Januari 2024, karibu miaka minne baada ya kipindi cha mwisho, na kwa muda wote huo ilibidi niwaambie watu waanze kitu ambacho singeweza kuwaonyesha mwisho wake.

Ninachokitaka kutoka kwenye muendelezo ni Macho-Msalaba, lile genge la wachawi wasio na moshi wa kutosha. Katika dunia yao mtu hupimwa kwa moshi alionao, na hawa, waliozaliwa na kidogo, wanadharauliwa mpaka wananunua unga mweusi wa kuongezea nguvu. Wanaishi katika vyumba vichakavu, wanafanya vibarua vya mshahara mdogo, wanagawana chakula kisichotosha, na wanamsubiri kiongozi wao kama watu wanaosubiri malipo yaliyochelewa. Vitabuni, vichekesho vizuri kuliko vyote vya Hayashida viko kwao, na huzuni nzito pia. Kama MAPPA watawapa hao muda uleule walioupa mgahawa wa Nikaido, hata yule rafiki wa kanisa nitamshawishi akae tena. Wakiwaharakisha ili wafike kwenye mapigano, watakuwa wamekiacha kile kilichonifanya niipende.

Watoto wasitazame. Iko damu nyingi, uko uchi, na iko mikono inayokatwa karibu kila kipindi.