Acheni Kukisia, Someni Jenomu

Februari 2021 Ebola ilizuka tena nchini Guinea, upande wa N'Zérékoré, miaka karibu mitano tangu ule mlipuko mkubwa uzimwe. Waliofuatilia habari walikuwa na jibu mkononi: ni popo tena, au mnyama mwingine wa msituni. Ndivyo tulivyozoea kusimuliwa.

Kisha sampuli za wagonjwa zikasomwa vinasaba. Jenomu, yaani maandishi yote ya urithi ya kiumbe, kwa kirusi cha Ebola ina herufi kama 19,000, na kirusi kinapojinakili hukosea herufi moja huku na nyingine kule, mithili ya karani anayenakili barua ndefu akiwa na usingizi. Makosa hayo hurithiwa. Ukiyalinganisha unajua kirusi kipi kimezaliwa na kipi, na ukiyahesabu unapata kisio zuri la lini vilitengana. Kama kirusi hiki kingekuwa kimezunguka miaka yote hiyo, wataalamu wangekuta mabadiliko zaidi ya 100. Waliyoyakuta hayakuzidi sana 10. Yaani kilikuwa kilekile cha mlipuko wa 2013 hadi 2016, kilichojificha mwilini mwa manusura kikiwa karibu kimelala, kisha kikaamka.

Kwangu mimi, hapa ndipo elimu ya jenomu inapolipa gharama zake. Haileti tu taarifa za kujazia ripoti. Inavunja dhana ambayo wengi wetu hatukufikiria kuihoji. Ungewahoji wagonjwa kutwa kucha usingelipata jibu hilo, kwa sababu manusura mwenyewe hajui alichobeba. Na dhana ikivunjika, kinga nayo hubadilika. Kuhubiri juu ya nyama ya porini peke yake hakutoshi. Manusura wafuatiliwe kwa miaka, wanaume wapimwe shahawa, ambamo kirusi huweza kujificha, walio karibu nao wapewe chanjo mapema.

Upo upande mchungu. Hawa ni watu waliopona wakarudi nyumbani wakakuta majirani wanawakwepa, na sasa wanaambiwa huenda wao ndio chanzo. Tukitangaza matokeo kama haya bila huduma wala staha, manusura watajificha, na hapo tutakuwa tumepoteza kila kitu tulichokisoma. Ningekuwa mimi ndiye mwenye mfuko, nisingenunua mashine ya kusoma vinasaba kabla sijatenga fungu la kuwahudumia waliopona.

Wala mashine haifanyi kazi peke yake. Mfuatano wa herufi usio na tarehe wala mahali ilikochukuliwa sampuli hausaidii sana. Anayeupa maana ni muuguzi aliyejaza fomu vizuri, jambo ambalo wasifiaji wa teknolojia hulisahau haraka.

Malaria imetupa funzo jingine, la kutisha kidogo. Vipimo vingi vya haraka, vile vya tone la damu kidoleni, hutafuta protini iitwayo HRP2 inayotolewa na kimelea cha Plasmodium falciparum. Wachunguzi wa jeni wakagundua, kwanza katika Amazon ya Peru na baadaye barani Afrika, kwamba baadhi ya vimelea vimeipoteza jeni ya protini hiyo. Mgonjwa ana homa, ana malaria, kipimo kinasema hana, anarudishwa nyumbani na vimelea vyake. Eritrea ilikuta tatizo hilo kwa kiwango kikubwa, na mwaka 2016 ikabadilisha vipimo. Bila kuchungulia jeni, lawama ingebaki kwa mhudumu au kwa kipimo kilichoharibika kwa joto.

Kwenye kifua kikuu faida yake ni ya kila siku, ndiyo maana haiandikwi magazetini. Usugu kwa dawa ya rifampicin karibu wote unatokana na mabadiliko katika kipande kifupi cha jeni iitwayo rpoB, chenye herufi 81. Kwa kuwa kipande hicho kinajulikana, kipimo cha GeneXpert hukiangalia na kutoa jibu ndani ya saa mbili, wakati kuotesha bakteria maabara huchukua wiki kadhaa. Katika wiki hizo mgonjwa angekuwa anameza dawa isiyomfaa huku akiambukiza nyumba nzima. Maabara kubwa ya kifahari haihitajiki hapo. Inahitajika mashine ya kimo cha mezani, umeme na katriji zisizokatika.

Kinachonikera ni jinsi tunavyowatendea wanaosoma jenomu na kusema walichokiona. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini waliona aina mpya ya kirusi cha korona yenye mabadiliko mengi kupita kawaida. Hawakuificha. Waliweka jenomu hadharani, dunia ikapata muda wa kujiandaa. Tarehe 26 Shirika la Afya Duniani likaiita Omicron, na wakati huohuo nchi tajiri zilikuwa tayari zinafunga safari za ndege kutoka kusini mwa Afrika. Ujumbe uliofika kwa serikali nyingine ulikuwa wazi: ukiona kitu, nyamaza kwanza.

Siku chache baadaye, tarehe 30, Uholanzi ilitangaza kuwa imeikuta Omicron katika sampuli zake za tarehe 19 na 23 Novemba, yaani ilikuwa Ulaya kabla Afrika Kusini haijatoa tangazo lolote. Marekani iliendelea na marufuku yake hadi tarehe 31 Desemba.