Kompyuta yangu iko mwaka 2015

Leo alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajaamua kuwika, mimi mtu mzima mwenye wajukuu wawili nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta mpakato nikiisihi programu ya kutunza marejeo inifungulie, nayo ikanijibu kwamba muunganisho wangu si salama na kwamba niangalie saa. Niliangalia ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika saba, sahihi kabisa. Marejeo yangu 212 ya tasnifu ya uzamili yamo humo ndani, na msimamizi wangu, ambaye nilimfundisha kidato cha pili na ambaye hadi leo huniamkia kwanza ndipo anikaripie, anayataka Ijumaa.

Nikahamia kwenye simu, nikaomba kiungo cha kubadili neno la siri, kikaangukia kwenye barua taka, na nilipokigundua muda wake ulikuwa umekwisha. Nikajaribu kupitia chuoni, nikasahau kwamba chuo humtambua aliye ndani ya mtandao wake tu. Aliye nyumbani sharti abishe hodi kwanza kwenye ukurasa wa maktaba, ambao nao una neno lake la siri. Bando likaisha. Nikapanda daladala, kwa mguu mmoja.

Maktabani nilimkuta kijana wa tehama akitafuna karanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Programu imenikataa."

"Umefuta vidakuzi?"

Sasa, mimi nimefundisha Kiswahili miaka 27, na ninajua kwamba kudakua ni kutoboa siri za watu. Kwa hiyo nilimweleza, kwa utulivu unaomstahili mtu wa umri wangu, kwamba nyumbani kwangu hakuna mdakuzi isipokuwa shemeji yangu, naye hafutiki. Kijana akacheka, akasema vidakuzi ni vijifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye kivinjari, akavifuta mwenyewe. Programu ikagoma. Akafungua kivinjari kingine, nacho kikagoma kwa maneno makali zaidi. Akazima kizuia matangazo, akaizima mashine na kuiwasha, akala karanga mbili, kisha akainama hadi pua ikakaribia kugusa kona ya chini ya kioo.

"Mzee, kompyuta yako iko mwaka 2015."

"Si kompyuta peke yake, hata mshahara wangu uko huko."

Safari hii hakucheka. Akanieleza kwamba ndani ya mashine kuna betri ndogo bapa, mfano wa sarafu, ndiyo inayotunza saa mashine ikikosa umeme, na ikifa tarehe hurudi nyuma. Tovuti nayo hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta yangu, kwa kuwa ilikuwa imebaki 2015, ilikiona cheti cha mwaka huu kama hati ya mtu ambaye hajazaliwa, ikamfungia mlango. Akabonyeza mara tatu, saa ikakaa sawa, programu ikafunguka. Mara tatu! Nami nimeacha chai, nimegombana na simu na nimesimama kwenye daladala hadi goti likaniuma!

Nikaagiza orodha ya marejeo kwa furaha ya bwana harusi, na nusu yake nikaituma kwa msimamizi palepale kwa kiherehere. Ndipo nikaisoma. Wizara ya Maji ilikuwa imegeuka kuwa mtu aitwaye "Maji, W. ya". Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilikuwa "Takwimu, O. ya T. ya". Programu huchukua neno la mwisho ikadhani ni jina la ukoo, yaliyobaki ikayakatakata. Kijana akasema dawa yake ni kuweka alama ya mkato mwishoni mwa jina la taasisi, basi. Taasisi ninazo sitini na kitu.

Sasa ni saa tano usiku, nimefika herufi T, na umeme umekwisha kukatika na kurudi mara moja, jambo ambalo kwa kompyuta ambayo hata betri yake kubwa haishiki chaji maana yake ni kwamba tumerudi tena 2015. Msimamizi ameniandikia: "Shikamoo Mwalimu. Huyu Dunia, B. ya, nimemtafuta sana. Ni Mtanzania?" Nitamjibu kesho, nikishapita kwa yule fundi wa saa pale stendi, maana nasikia anazo betri bapa, ingawa mara ya mwisho alikaa na saa yangu ya mkono miezi miwili akidai anatafuta kioo.