Bethdei ya baba ikageuka msiba

Niseme mapema, kosa lilikuwa langu mimi na bango langu. Baba ana demensia, huu ugonjwa wa kusahau, mwaka wa nne sasa, ya asubuhi hayajui ila ya ujanani anakupa mpaka rangi ya shati. Alipofikisha miaka 80 nikasema mzee wangu lazima afurahi, nikachapisha bango kubwa, picha yake ya juzijuzi katikati, maua pembeni, na chini herufi nene 1944 – 2024. Mimi kichwani nimehesabu themanini yangu basi. Dada akaliangalia, akasema tu "mh", nikajua ni wivu.

Watu wakaja kama kumi na mbili, na kwa vile kelele zinamchanganya baba tukakubaliana wote wakae kimya kwenye viti, wameelekea bango. Ona sasa. Baba akatoka chumbani na suti yake, akaangalia watu, akaangalia picha, akasoma ile miaka kwa sauti, akavua kofia.

Akaanza kupita kiti kwa kiti anashika watu mikono. "Poleni. Poleni sana." Shemeji akajibu "tumeshapoa baba", sijui nani alimtuma.

Kumbe sura yake ya sasa haitambui, baba anayemjua yeye hana hata mvi moja. Nikataka kumwambia huyo ni wewe, dada akanikanyaga mguu, maana nesi alishatufundisha msibishane naye, na hata hivyo unaanzaje kumwambia mtu kwamba marehemu ndo yeye?

"Kaacha watoto?" akaniuliza. Wawili, nikasema, mimi na huyu. Akanikumbatia, jamani, sijui mara ya mwisho alinikumbatia hivyo lini, nikalia kweli kweli, ndo nikaharibu kabisa maana hata waliokuwa wanabana kicheko wakaanza kulia. Baba kuona hivyo akasimama aseme neno. "Huyu bwana nilimfahamu. Mbishi, na deni la mtu halipi upesi. Ila watoto wake aliwapenda." Halafu dakika moja ya ukimya, akaisimamia mwenyewe kwa saa yake ya mkononi, ikafika kama dakika nne.

Dada ndo akaokoa jahazi, akampeleka kunawa mikono huku sisi tunageuza bango fasta. Baba kurudi, "leo kuna nini hapa?" Bethdei yako baba. "Na hamniambii!" Tukaimba, akaimba kutuzidi, hakukosea hata neno, akakata keki na kipande cha kwanza akanipa mimi, akaniita jina la mdogo wake, nikaitika.

Jioni namvua viatu, akaniinamia sikioni.

"Yule mzee mshamzika?"

Nikamwambia bado.

"Msichelewe. Ila keki yake ilikuwa tamu."