Kabla ya Megapikseli, Kibao cha Kijivu

Muuza simu wa Kariakoo akisifia kamera huanza na megapikseli. Vijana wanaounda roboti vyuoni hapa Dar wameshika wimbo huohuo, na kwa maoni yangu wanapotea njia. Pancam, kamera za roboti Spirit na Opportunity zilizotua sayari ya Mirihi Januari 2004, zilikuwa na pikseli 1024 kwa 1024 tu, yaani megapikseli moja na kidogo. Kilichozipa picha zake thamani ya kisayansi ni kibao kidogo kilichofungwa juu ya roboti: duara za kijivu, pembe nne za rangi, na kijiti katikati.

Kila rangi ya kibao hicho ilipimwa maabara mapema, ikajulikana inarudisha mwanga kiasi gani. Kule Mirihi unapiga picha ya jiwe, unapiga na ya kibao chini ya jua lilelile, kisha unalinganisha. Kivuli cha kijiti nacho kina kazi: palipo na kivuli panapata mwanga wa anga peke yake, na anga la Mirihi limejaa vumbi jekundu. Haraka ina gharama. Mwaka 1976, picha ya kwanza ya rangi ya Viking 1, chombo kilichotua Mirihi, ilitolewa ikiwa na anga la bluu, ikabidi irekebishwe.

Kibao nacho hushika vumbi. Ndiyo maana vile vya Phoenix na Perseverance, vyombo vya Mirihi vya baadaye, viliwekewa sumaku za pete chini ya rangi: vumbi lenye chuma linavutwa kwenye pete, katikati panabaki pasafi kiasi.

Haya yote unaweza kuyajaribu Dar kwa kamera ya bei ndogo. Zima urekebishaji wa rangi wa kamera yenyewe, hifadhi faili ghafi (RAW). Funika lenzi, piga fremu 20 kwa muda uleule wa shata utakaoutumia, tafuta wastani, uutoe kwenye kila picha. Rudia katika joto tofauti, maana kelele ya kihisi, yaani mwanga bandia kinaouandika hata gizani, huongezeka karibu maradufu kila joto linapopanda nyuzi 6 hadi 8 za Selsiasi. Fremu za maabara yenye kiyoyozi hazitakufaa juani saa saba mchana. Kisha piga picha ya karatasi nyeupe yenye mwanga sawa kila upande, nayo uiondolee wastani wa fremu za giza, ndipo ugawanye picha kwayo: utaona jinsi lenzi ilivyokuwa inakudanganya kwa kutia giza pembeni mwa picha.

Lenzi isishikwe kwa gundi ya bunduki, ile inayoyeyushwa kwa joto. Ndani ya boksi jeusi juani hulainika na fokasi inahama. Tumia epoksi. Weka na pakiti za silika, unyevu wetu huotesha ukungu kwenye kioo.

Na kijiti chako? Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri la Dar linapita utosini na kivuli kinatoweka. Siku hizo piga saa tatu asubuhi.