Saa Moja na Dakika Arobaini

Juzi kuna dada alikuja kuchorwa sura. Nimemaliza, akachungulia simu yake, akacheka: "Kaka, mbona hata saa mbili hazijafika? Basi nipunguzie nusu." Nikapunguza, maana mwenye nyumba wangu hapokei hasira. Usiku ndipo iliponipanda.

Tarehe 29 Novemba 1768, mjini Bath, Uingereza, mchoraji Thomas Gainsborough alimchora Ignatius Sancho kwa saa moja na dakika arobaini. Muda huo uliandikwa nyuma ya kanvasi, tena kama sifa. Leo picha iko Ottawa, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kanada. Haya, nani atakwenda kuomba nusu bei?

Gainsborough alikuwa na miaka 41. London alipelekwa kujifunza akiwa na 13. Piga hesabu mwenyewe hizo saa zilianza lini. Na alikuwa akitoza kwa ukubwa wa picha: kichwa bei yake, mwili mzima bei yake. Ungekaa dakika kumi au wiki nzima, shauri yako.

Sasa itazame picha yenyewe. Sancho, mtu mweusi, alikuwa mtumishi wa Duke wa Montagu, lakini sare ya utumishi huioni. Kavaa kizibao chekundu chenye ukingo wa dhahabu, mkono kauingiza kifuani, pozi la waungwana wa enzi hizo. Zama zile, Mwafrika kwenye picha za wakubwa alibanwa pembeni, kashika sinia, kamkodolea macho bwana wake. Huyu kapewa kanvasi nzima peke yake. Mimi hunikaba koo kila nikiiona, na si mtu wa kulia ovyo.

Sawa, Gainsborough naye hakuwa malaika. Alichora yeyote aliyelipa, huku akimlalamikia rafiki yake kwa barua kwamba sura za watu zimemchosha, anatamani achukue zeze lake akajifiche kijijini achore mandhari. Mandhari aliyachora, mazuri kweli, na mengi yakabaki nyumbani kwake bila mnunuzi. Hapo namwelewa; yangu yako chini ya kitanda.

Jana yule dada katuma ujumbe: mumewe naye anataka. Nimemwandikia bei ya kichwa, kamili. Tiki mbili za buluu, kimya.